Kiatu cha Msumeno: Uhakiki wa Lugha ya Usalama katika Kijitabu cha Msumeno wa Betri

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa katika ofisi za istilahi ili yakaguliwe, maelezo ya matumizi ya mashine ndogondogo huhesabiwa kuwa kazi nyepesi. Hayana heshima ya istilahi za sheria wala uzito wa zile za udaktari, na aghalabu huachiwa mkaguzi aliye mgeni kazini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hesabu hiyo si sahihi. Tutachambua tafsiri ya Kiswahili ya kijitabu kimoja kinachofungashwa pamoja na msumeno wa betri. Hatutawataja watengenezaji wala mfasiri, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si ya kijitabu hiki peke yake. Tumeyaona katika vijitabu vingine pia, na baadhi yake, ni vema tukiri mapema, yamewahi kupita mikononi mwetu wenyewe bila ya kuzuiwa.

Chombo kinachohusika ni msumeno mdogo wa kushika mkononi, wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kwa kasi kubwa. Hutumika kukata mbao, plaiwudi, plastiki na chuma chembamba, hasa pale mstari wa kukata unapopinda. Mafundi wengi huuita jigsoo. Zamani uliendeshwa kwa umeme wa ukutani tu. Siku hizi ule wa betri umeenea katika karakana, katika vyuo vya ufundi, na hata katika nyumba za watu wasio mafundi. Kwa hiyo wasomaji wa kijitabu hiki si wachache, wala si wote waliofundishwa kazi.

Hoja yetu ni moja. Katika maandishi ya usalama, istilahi haipimwi kwa uzuri wake, wala kwa jinsi inavyolingana na neno la Kiingereza, bali kwa jambo ambalo mkono wa msomaji utalifanya baada ya kuisoma.

Jinsi tulivyofanya uhakiki

Kwa kawaida tungelikikagua kijitabu hiki mezani, kamusi zikiwa mbele yetu. Safari hii tulikichukua, pamoja na msumeno wenyewe uliotolewa betri, hadi katika karakana moja ya samani huko Keko, Dar es Salaam. Tulimwomba fundi mmoja mtu mzima asome maelezo kwa sauti na kuonyesha kwa vitendo kile alichoelewa. Sisi tulitazama mikono yake.

Alipofika mahali panapoagiza kwamba kabla ya kukata 'kiatu kishikilie mbao kwa uthabiti', fundi aliiweka mbao juu ya gogo fupi, akainua mguu wa kushoto, akaikanyaga. Kisha akatutazama na kusema: "Haya, wanangu, kiatu changu kimeshika. Sasa?"

Hakuwa akifanya mzaha. Mafundi wetu wengi hushikilia mbao kwa mguu wanapotumia msumeno wa mkono, na maelezo yalikuwa yamempa idhini. Ila bledi ya msumeno huu hutokeza upande wa chini wa mbao, mahali ambapo jicho la mkataji halifiki. Laiti betri ingekuwamo, mguu ule ungekuwa jirani na meno yanayoweza kupanda na kushuka kiasi cha mara 3,000 kwa dakika. Mfasiri alikusudia kile kibao cha chuma kilicho chini ya msumeno, ambacho Waingereza hukiita kwa jina la kiatu. Tafsiri ni sahihi kwa kamusi, na ni ya hatari kwa mguu.

Twapendekeza neno 'kitako'. Neno hili tunalo tangu zamani kwa maana ya sehemu ambayo kitu hukalia, na lina faida ya pili: Kiswahili husema 'kaa kitako' kwa maana ya kukaa hasa, pasipo kuyumba. Fundi yule tulipomwambia kwamba msumeno ukae kitako juu ya mbao, aliushusha mguu wake na kuukandamiza msumeno kwa kiganja. Hicho ndicho kilichotakiwa.

'Bila waya' au 'wa betri'?

Kosa la pili halichekeshi. Kijitabu kinakiita chombo hiki chombo 'kisicho na waya', na katika sehemu mbili kinakiita chombo 'kisichotumia umeme'. Usemi wa kwanza ni kweli lakini haufai. Wa pili si kweli kabisa.

Tufikiri jinsi fundi alivyozoea kujilinda. Kwa msumeno wa umeme wa ukutani, kila mtu anajua kwamba kabla ya kugusa bledi sharti uchomoe plagi. Waya ni shahidi: ukiuona umelala sakafuni, unajua kwamba chombo kimekufa. Katika msumeno wa betri shahidi huyo hayupo. Nguvu imo ndani ya mpini, kimya, nayo haitoki mpaka betri itolewe. Anayeambiwa kwamba chombo hakitumii umeme ataona ajabu kuambiwa achukue tahadhari za umeme, naye atabadili bledi huku kidole chake kikiwa karibu na swichi.

Kuna hatari nyingine inayofichwa na usemi huo. Ukikata ukuta wa mbao au dari ambamo nyaya za nyumba zimepitishwa, bledi inaweza kugusa waya wenye umeme, na umeme huo ukapita katika sehemu za chuma za msumeno hata kama msumeno wenyewe ni wa betri. Ndiyo sababu chombo hushikwa mahali palipofunikwa kwa plastiki au mpira tu. Msomaji aliyeaminishwa kwamba hapa hapana umeme hataona maana ya onyo hilo.

Kwa hiyo twapendekeza 'wa betri'. 'Bila waya' hueleza kisichokuwapo. 'Wa betri' hueleza kilichopo na mahali kilipo. Jina linaloonyesha mahali nguvu ilipo humfundisha mtu mahali pa kuikatia. Zaidi ya hayo, 'bila waya' limekwisha kushikwa na mawasiliano ya redio na intaneti, na si vema kulibebesha mzigo mwingine.

Jina la chombo na jina la bledi

Juu ya jalada la kijitabu pameandikwa 'Fumbo Lisilo na Waya'. Asili ya kioja hiki ni kwamba jina la Kiingereza la msumeno huu ni sehemu ya jina la mchezo wa kuunganisha vipande vya picha. Mchezo ndio uliopewa jina la msumeno, wala si msumeno uliopewa jina la mchezo. Mfasiri, au kompyuta aliyoitegemea, alichagua maana ya mbali akaiacha ya karibu. Mtu mwenye msumeno mkononi hawezi kupotoshwa sana na kosa hili, atacheka. Lakini akicheka ukurasa wa kwanza, je, atauamini ukurasa wa onyo?

Kwa jina sanifu twapendekeza 'msumeno-cherehani'. Hatukulibuni kwa kutafuta pambo. Mwaka 1946, Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla nchini Uswisi aliweka bledi ya msumeno mahali pa sindano ya cherehani, na kutokana na jaribio hilo ukazaliwa msumeno huu wa kushika mkononi, ulioanza kuuzwa mwaka 1947. Kila aliyewahi kuona sindano ya cherehani ikipanda na kushuka huku kitambaa kikipita ameuona mwendo wa chombo hiki. Pengine patatokea wa kutuuliza kama jina hili halitamfanya mtu adhani kwamba chombo ni cha kukatia nguo. Jibu letu ni kwamba katika maneno ya namna hii Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe na kufuatisha sifa yake: huu ni msumeno kwanza, na mwendo wake ni wa cherehani. Hata hivyo hatuna nia ya kuliharamisha neno 'jigsoo'. Afadhali yawepo yote mawili katika kijitabu, moja kwa ajili ya sanifu na moja kwa ajili ya duka.

Ama kuhusu bledi, kijitabu kimetumia maneno manne kwa kitu kimoja: 'wembe', 'kisu', 'upanga' na 'jino'. Mwalimu wa lugha huenda akausifu utajiri huo wa msamiati. Katika insha ni sifa. Katika maelezo ya mashine ni mtego, kwa maana msomaji mwangalifu ataanza kutafuta sehemu nne. Twapendekeza 'bledi' peke yake. Ni neno la kukopa, lakini ndilo fundi atakalolitamka dukani. Tukimbunia jingine atalazimika kujifunza maneno mawili ili anunue kitu kimoja.

'Funga swichi'

Hapa kosa linatoka ndani ya lugha yetu wenyewe. Baadhi ya misumeno hii ina kitufe kinachozuia swichi isiwashwe kwa bahati mbaya. Mingine ina kitufe kinachoishikilia swichi iendelee kuwaka hata kidole kikiondolewa. Kazi za vitufe hivi viwili zinapingana. Kijitabu kimeviita vyote 'kifungio', na kimetoa agizo la 'kufunga swichi' bila ya ufafanuzi.

Kwa wasemaji wengi, kufunga redio au taa ni kuizima, na kufungua ni kuiwasha. Kwa mwingine, kufunga swichi ni kuibana isitoke mahali ilipo. Basi watu wawili wakilisoma agizo hilohilo, mmoja ataizima mashine na mwenzake ataifanya isizimike. Hakuna kamusi inayoweza kuwapatanisha, kwa kuwa wote wawili wanasema Kiswahili safi. Dawa ni kuliacha neno 'funga' kabisa katika maelezo ya swichi. Tuseme 'washa' na 'zima'. Kitufe cha kwanza tukiite 'kizuizi cha swichi', na cha pili 'kishikizo cha swichi'.

Tungependa pia kutaja agizo kwamba betri 'isifupishwe'. Lililokusudiwa ni kwamba ncha za betri zisiunganishwe kwa chuma, kama vile mtu anapoitia betri mfukoni pamoja na misumari. Jambo hilo laweza kuleta joto kali na hata moto. Kila mwananchi anajua maana ya 'shoti'. Neno lipo; kilichokosekana ni kuliuliza.

Amri, mpangilio na vyeo vya onyo

Watumishi wa ofisi, nasi tumo, tumezoea mtindo wa 'betri iondolewe', 'miwani ivaliwe', 'inashauriwa kwamba'. Mtindo huo unafaa katika waraka, kwa sababu waraka hupita kwa watu wengi. Katika karakana haumwagizi mtu yeyote. Mwanafunzi akisoma 'betri iondolewe' ataweza kudhani kwamba mwalimu ndiye atakayeiondoa. 'Toa betri' haina mwanya huo.

Mpangilio nao una uzito. Kijitabu kinasema 'badili bledi baada ya kutoa betri'. Maana ni sahihi, lakini anayesoma huku akitenda hukutana na kubadili kabla ya kutoa. Maelezo yafuate mwendo wa mikono: 'Toa betri. Kisha badili bledi.'

Halafu kuna vyeo vya onyo. Katika maandishi ya usalama ya Marekani, yanayoigwa na watengenezaji wengi, huwa kuna ngazi tatu kwa ajili ya madhara ya mwili. Ya kwanza ni ya jambo litakaloua au kujeruhi vibaya lisipoepukwa, ya pili ni ya jambo linaloweza kufanya hivyo, na ya tatu ni ya jambo linaloweza kuleta jeraha dogo au la wastani. Tafsiri yetu imeziita zote 'tahadhari'. Twapendekeza 'Hatari', 'Onyo' na 'Tahadhari', kwa kufuata utaratibu huo, na zisichanganywe.

Msumeno usiokata mbele na nyuma

Kosa moja limetufundisha kwamba hata methali yaweza kumponza mfasiri. Maelezo ya asili yanataka upande mzuri wa plaiwudi utazame chini. Tafsiri inasema utazame juu. Yaelekea mfasiri aliona kwamba asili imekosea, akasahihisha. Sisi sote tumelelewa na msemo kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini bledi ya kawaida ya chombo hiki ina meno yanayotazama juu, nayo hukata inapopanda tu. Nyuzi za mbao huraruka pale meno yanapotokea, yaani juu, na ndiyo maana uso mzuri hulazwa chini. Kosa hili halimwagi damu, linaharibu mbao. Hata hivyo linaonyesha kwamba mfasiri asiyekiona chombo kikifanya kazi hutafsiri kwa kukisia.

Vivyo hivyo kwa kile kilichoitwa 'mzunguko wa sayari'. Ni mwendo ambao bledi husukumwa mbele kidogo inapopanda na kurudi nyuma inaposhuka, ili kukata mbao upesi. Twapendekeza 'mwendo wa bembea'. Katika misumeno mingi namba 0 huuondoa mwendo huo, nayo hutumika kwa chuma na kwa kazi safi. Namba kubwa ni kwa mbao inayokatwa haraka bila ya kujali urembo.

Yaliyo mema

Haki inatudai tuseme kwamba kijitabu hakikukosea kote. Maneno 'betri', 'chaja' na 'miwani ya kinga' yametumiwa vizuri na bila ya kubadilika. Katika sehemu ya usafi, 'vumbi la mbao' limetofautishwa na 'maranda', jambo ambalo wafasiri wengi hulisahau: maranda ni ya randa, na vumbi ndilo linaloingia mapafuni.

Mfano wa maelezo tunayopendekeza

Mhakiki anayebomoa na asijenge amefanya nusu ya kazi. Kwa hiyo tunatoa hapa mfano wa maelezo ya kuandaa na kutumia msumeno-cherehani wa betri. Walimu wanaweza kuujaribu katika madarasa yao.

1. Toa betri. Usiguse bledi kabla ya kutoa betri.

2. Chagua bledi. Meno makubwa ni ya mbao. Meno madogo yaliyokaribiana ni ya chuma. Ukikata chuma chembamba, angalau meno mawili yaweze kuugusa unene wake kwa wakati mmoja.

3. Ingiza bledi, meno yakitazama mbele. Hakikisha mgongo wake umeingia katika mfereji wa kigurudumu kilicho nyuma yake. Ivute kidogo uone kama imeshika.

4. Kaza kitako. Kwa mkato wa wima, kitako na bledi vifanye pembe ya nyuzi 90.

5. Tazama kama kazi yako ina misumari, na kama nyuma yake kuna nyaya au mabomba.

6. Bana mbao kwa jiriwa au klampu. Usiishike kwa mguu wala kwa goti. Acha nafasi chini yake, kwa kuwa bledi itatokeza huko. Usipeleke mkono chini ya mbao.

7. Vaa miwani ya kinga, kinga ya masikio na barakoa ya vumbi.

8. Rudisha betri. Kalisha sehemu ya mbele ya kitako juu ya mbao, bledi ikiwa haijagusa kitu. Washa. Bledi ikishika kasi, ndipo usukume mbele. Ukiwasha bledi ikiwa imegusa mbao, msumeno utaruka.

9. Sukuma polepole. Usiipinde bledi kwa nguvu katika kona.

10. Ukimaliza, achia swichi. Ngoja bledi isimame kabisa, ndipo uinue msumeno. Toa betri. Usiiguse bledi mara moja, kwa maana huwa ina moto.

Hitimisho

Mwaka 1992 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, na wengi wetu tumejifunza kazi hii kwa kutumia kanuni za namna hiyo. Hatuzipingi. Twaomba tu kwamba, kwa maandishi ya usalama, pawepo hatua moja zaidi kabla ya kupitisha istilahi: chombo kitolewe nguvu, maelezo yasomwe kwa sauti mbele ya mtu atakayekitumia, na mkaguzi anyamaze atazame mikono. Pale mkono unapokwenda kusikotakiwa, neno ndilo lenye kosa, hata kama kamusi zote zinalitetea.

Hatua hiyo haigharimu zaidi ya nauli ya kwenda karakana na saa chache za kazi. Sisi tulipokuwa mezani tulikisoma kijitabu hiki mara mbili, na neno 'kiatu' lilitupita mara zote mbili. Tuliliona kuwa neno la Kiswahili, limeandikwa sawasawa, na upatanisho wake wa kisarufi hauna dosari. Tungelipitisha. Aliyelikataa ni fundi wa Keko, naye hakulikataa kwa hoja. Alilikanyagia mbao mbele ya macho yetu.

Tunawaomba wafasiri, walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wanaosimamia ununuzi wa vifaa watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, hasa pale watakapokuwa wamezijaribu na zikashindwa.